Soketi za ukutani zenye USB: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siku hizi nyumba ikifika hatua ya umaliziaji, mwenye nyumba akienda dukani kununua swichi na soketi huulizia pia zile zenye matundu ya USB. Ni kifaa kizuri kikichaguliwa vizuri. Kikichaguliwa vibaya ni chaja ya bei chee iliyofungiwa ndani ya ukuta, inapata umeme usiku na mchana, na ikianza kupata moto hakuna anayeiona. Ndiyo maana baadhi ya majibu hapa chini ni makali. Mengi yanahusu Tanzania na Kenya, ambako tunatumia soketi za matundu matatu ya pini bapa.

Soketi ya namna hii ina nini ndani?

Kwa mbele ni soketi ile ile tuliyoizoea, ya kiwango cha BS 1363 tulichorithi kwa Mwingereza, ya pini bapa tatu na ya ampea 13. Tofauti ni kwamba nyuma yake kumebandikwa bodi ndogo ya kielektroniki. Bodi hiyo ni chaja kamili: inapokea umeme wa nyumbani wa volti 230 au 240, inaushusha hadi volti 5 au zaidi, kisha inaupeleka kwenye tundu la USB.

Kwa hiyo unaponunua, unanunua vitu viwili katika kifuniko kimoja. Soketi yenyewe ni shaba na plastiki, inaweza kukaa miaka ishirini. Chaja haitafika huko, kwa sababu ina kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, na kapasita huchoka, hasa penye joto. Ukilijua hilo mapema utapanga vizuri ni ngapi za kufunga na uzifunge wapi.

Nifunge nyumba nzima?

Hapana. Nimeona ramani za umeme ambazo kila soketi, mpaka ya nyuma ya friji, imeandikwa USB. Friji haichaji simu.

Sehemu zinazostahili ni chache: pande zote mbili za kitanda cha wakubwa, kitanda cha kila mtoto mwenye simu au tableti, sebuleni karibu na kochi ambalo watu hukaa kweli, na meza ya kusomea. Jikoni moja inatosha, ikiwa mpishi hutumia simu huko. Nyumba ya vyumba vitatu haihitaji zaidi ya tano au sita.

Kila inapowekwa soketi ya USB, matundu ya kawaida yabaki pale pale. Usikubali kibao chenye USB tupu bila soketi ya pini. Mambo ya chaji hubadilika haraka kuliko ukuta. USB ya kwanza ilitoka 1996 na lile tundu lake bapa, la A, likatawala kwa miaka mingi. Tundu la C lilitangazwa 2014. Apple wakahamia C kwenye iPhone 15 mwaka 2023, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unazitaka simu mpya zinazouzwa kwake ziwe na tundu la C. Waliojaza ukuta matundu ya A peke yake miaka kumi iliyopita sasa wanatafuta waya za kuunganishia. Ukiwa na tundu la pini, hata chaja ya miaka kumi ijayo utaichomeka.

Nichague tundu la A au la C?

Chukua yenye yote mawili, A moja na C moja. Kama utanunua mpya leo, ile ya A mbili iache dukani hata kama bei yake inavutia.

C ina faida mbili. Kwanza, chaji ya haraka ya kisasa inapita huko. Pili, inadumu. Kwa viwango vyake, tundu la A la kawaida linapaswa kuvumilia kuchomekwa mara 1,500 hivi, la C mara 10,000. Familia inayochomeka na kuchomoa mara mbili kwa siku inazimaliza hizo 1,500 katika miaka miwili tu, na hapo ndipo waya huanza kulegea na chaji kukatika katika. Dawa yake ni ndogo: acha waya ukutani, uwe unachomoa upande wa simu.

A bado inahitajika kwa sababu ya vitu vidogo vya nyumbani: vitochi vya batani, redio, taa za kuchaji, feni za mezani. Vingi bado vina waya wa A. Tena kuna jambo linalowashangaza watu wengi: taa au spika ya bei nafuu yenye tundu la C, ukiichaji kwa waya wa C pande zote mbili, haiingizi chaji hata kidogo. Si kwamba soketi ni mbovu. Tundu la C halitoi umeme mpaka litambue kuna kifaa upande wa pili, na kifaa hicho hutambulika kwa vipinga viwili vidogo ambavyo mtengenezaji hakuviweka ili kupunguza gharama. Tumia waya wa A kwenda C na kitachaji vizuri.

Wati ngapi zinatosha?

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa, kwa sababu maandishi ya kwenye boksi yanasomeka vizuri kuliko yalivyo. Kanuni ni moja: zidisha volti kwa ampea, upate wati. Soketi iliyoandikwa 5V 2.1A inatoa wati 10 na nusu. Ya 3.1A inatoa wati 15 na nusu. Na hiyo 3.1A mara nyingi ni jumla ya matundu yote mawili. Baba akichomeka simu yake na mama ya kwake, wanagawana. Usiku kucha haina shida, simu zote zitajaa kabla ya alfajiri. Asubuhi ya haraka ndiyo utaona kasoro.

Ukitaka chaji ya haraka, tafuta herufi PD kando ya tundu la C, na namba ya wati. PD ni utaratibu ambao simu na chaja huzungumza kwanza, wakakubaliana volti ipande hadi 9 au zaidi. PD ya wati 20 inatosha kabisa kwa iPhone za sasa, huzifikisha karibu nusu ndani ya nusu saa. Kwa Samsung zinazochaji kwa wati 25, hakikisha pia kumeandikwa PPS, nyongeza ya PD inayobadilisha volti kidogo kidogo, la sivyo zitachaji kwa kasi ya chini. Wati 30 zenye PD na PPS ndicho kiwango ninachowashauri watu wengi kwa kando ya kitanda.

Kompyuta mpakato zinataka wati 45 hadi 65. Soketi za ukutani za wati 65 zipo, na nzuri zinatumia transista za galiamu naitraidi, ambazo hupoteza umeme mdogo kuliko za kawaida na hivyo kupata joto kidogo. Hata hivyo mimi kompyuta naiachia chaja yake kwenye tundu la pini. Chukulia bodi inayotoa wati 65 inapoteza sehemu moja ya kumi kama joto: ni wati sita au saba zinazopika ndani ya kiboksi kilichofukiwa kwenye tofali, bila hewa. Chaja iliyo nje inapoa yenyewe. Ukisisitiza kuweka ya wati 65, ujue mambo mawili. Namba hiyo ni ya tundu moja likitumika peke yake, likichomekwa la pili zinagawanywa, na kompyuta inaweza kukata chaji kwa sekunde moja kisha ikarudi. Na waya unaoruhusu zaidi ya wati 60 ni ule wa ampea 5 wenye chipu ndani yake, si waya wowote wa C.

Simu yangu iliandikwa wati 45 kwenye boksi lake. Mbona ukutani inachaji polepole?

Kampuni kadhaa zina utaratibu wao wa chaji ya haraka. Oppo wana SuperVOOC, na zipo Tecno na Infinix ambazo kasi ile kubwa huipata zikiwa na chaja na waya wake tu. Zikikutana na chaja nyingine hurudi kwenye wati 10 au zaidi kidogo. Hakuna kilichoharibika. Kwa simu kama hiyo chaja yake iende kwenye tundu la pini, USB ya ukutani ibaki kwa usiku.

Itaingia kwenye boksi langu lililopo ukutani?

Pima kabla ya kununua. Huku kwetu boksi za ukutani ni za aina mbili, 3x3 kwa soketi moja na 3x6 kwa soketi mbili, kwa inchi. Kwa upana hakuna shida, tundu za skrubu ziko sehemu zile zile. Tatizo ni kina. Soketi ya kawaida ina mgongo mfupi. Yenye USB ina bodi nyuma, na nyingi zinataka boksi la kina cha milimita 35 au zaidi, wakati majumba mengi yana boksi za milimita 25 ambazo fundi alizichagua ili asichimbe tofali sana.

Fungua soketi ya zamani, umeme ukiwa umezimwa, uangalie kilichomo. Nyumba iliyosukwa waya kwa mzunguko wa duara, kila tundu la kukazia lina waya mbili za milimita za mraba 2.5: mbili nyekundu, mbili nyeusi, mbili za kijani. Waya sita ngumu, kila moja imepinda kama ilivyopindwa miaka kumi iliyopita, na zote zinatakiwa zikae nyuma ya bodi ambayo peke yake imejaza boksi. Fundi asiye na subira hukaza skrubu za mbele mpaka kibao kikae sawa na ukuta. Kinachotokea nyuma hukioni: waya inasukuma bodi, ganda linachubuka kwenye ukingo wa boksi la chuma, au waya inachomoka nusu kwenye tundu lake. Miezi mitatu baadaye soketi inanuka plastiki.

Boksi likiwa fupi una njia mbili za halali. Ya kwanza, chimba na uweke boksi lenye kina, kazi nyepesi kama ukuta haujapigwa rangi bado. Ya pili, weka fremu ya plastiki ya kunyanyulia kati ya ukuta na kibao. Soketi itatokeza nje kidogo, lakini waya zitapumua. Zipo pia soketi za USB zenye mgongo mwembamba zinazokubali milimita 25. Soma karatasi yake kabla ya kulipa.

Kwa anayejenga sasa jibu ni fupi: mwambie fundi aweke boksi zenye kina kila mahali kabla ya lipu. Tofauti ya bei ni ndogo sana ukilinganisha na kubomoa baadaye. Kwenye kuta za mbao za jipsamu kuna boksi maalumu zenye mabawa ya kushika nyuma ya ubao, usikubali soketi ininginizwe kwenye ubao mtupu. Na kwa nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Unguja, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, usichimbe kabisa. Mawe yale hubomoka ovyo, na mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Pitisha waya kwenye mfereji wa plastiki juu ya ukuta na utumie boksi la juu ya ukuta, ambalo kwa kawaida lina kina cha kutosha.

Ndugu yangu yuko nje. Anitumie kutoka huko?

Inategemea yuko wapi. Uingereza, Oman na Falme za Kiarabu wanatumia soketi za pini bapa tatu kama zetu na volti zinazolingana, kwa hiyo ya Muscat, Dubai au London itaingia kwenye boksi letu bila ubishi. Wengi wanaopata bidhaa nzuri wanazipata kwa njia hii.

Marekani na Kanada hapana, hata kama amekununulia tayari. Soketi za ukutani za huko zimetengenezwa kwa volti 120, boksi lake lina umbo jingine, na pini ni nyingine. Ukiiunga kwenye umeme wetu inaweza kupasuka. Kigali, Bujumbura na Goma soketi nyingi ni za pini za mviringo, kwa hiyo msomaji wa huko anunue zinazolingana na boksi zake.

Nitajuaje ya kweli na ya kuchakachua?

Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi utakuta soketi mbili zenye sura moja na bei mbili tofauti kabisa. Fanya hivi ukiwa hapo hapo dukani.

Ishike mkononi. Nyepesi mno ni dalili ya shaba nyembamba. Sukuma kitu chembamba cha plastiki kwenye tundu moja la chini: kifuniko cha ndani kisifunguke, kwa sababu katika BS 1363 milango ya chini hufunguliwa na pini ndefu ya juu au na pini zote kuingia pamoja. Kikifunguka kwa kusukuma tundu moja, rudisha. Geuza nyuma usome: lazima kuwe na jina la mtengenezaji, volti, ampea 13, namba ya kiwango, na kwa USB volti na ampea za kila tundu pamoja na jumla yake. Iliyoandikwa tu "Fast Charge" bila namba si ya kununua. Angalia pia alama ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya.

Kama kuna iliyofunguliwa ya mfano, chungulia bodi. Kwenye chaja salama utaona mpaka ulio wazi, mstari mweupe au mfereji uliokatwa kwenye bodi, unaotenganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa USB, na vipande vichache tu vinavyovuka mpaka huo: transfoma iliyofungwa utepe wa njano, kipokezi kidogo cheusi cha mwanga, na kapasita ya bluu. Kwenye za ovyo pande hizo mbili zimekaribiana kwa milimita moja au mbili. Siku unyevu ukiingia, umeme wa ukutani unavuka hadi kwenye simu uliyoishika. Hiyo ndiyo hatari inayonikosesha usingizi, kwa kuwa mtu anaongea na simu ikiwa sikioni huku inachaji.

Na kifaa kimoja ninawahimiza wote wakinunue: kipimo kidogo cha USB cha kuchomeka kati ya soketi na waya. Kinaonyesha volti na ampea papo hapo. Soketi iliyoandikwa ampea 3, ikishuka hadi volti 4.5 mara tu simu inapoanza kuvuta, imekudanganya.

Naweza kufunga mwenyewe?

Kwa sheria na kwa usalama, kazi ya waya za nyumba ni ya fundi mwenye leseni. Tanzania Bara leseni hizo hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Muombe akuonyeshe, fundi wa kweli haoni aibu. Kubadilisha soketi moja ni kazi ya muda mfupi na haitakugharimu sana. Hata hivyo ni vizuri ujue kazi nzuri inavyokuwa, ili usimame ukiangalia.

Kazi nzuri inafanywaje?

Fundi azime breka ya mzunguko huo, na kama haijulikani ni ipi, azime meni swichi. Kisha apime. Bisibisi ya testa peke yake haitoshi, inaweza kuwaka kwa umeme hafifu unaoambukizwa na waya jirani au kukataa kuwaka kabisa. Atumie multimita: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Kabla ya hapo aipime multimita yenyewe kwenye soketi yenye umeme, ahakikishe inafanya kazi.

Apige picha ya waya zilivyokaa. Nyumba za zamani zina nyekundu, nyeusi na kijani, mpya zina kahawia, bluu na kijani chenye mstari wa njano, na nyumba zilizoongezwa chumba huwa na mchanganyiko. Rangi isiaminiwe peke yake. Laivu na nyutro zikibadilishana, USB itafanya kazi kama kawaida na hakuna atakayegundua, lakini swichi ya soketi itakuwa inakata nyutro, na pasi "iliyozimwa" bado ina umeme.

Waya zikiwa mbili mbili zirudi mbili mbili. Ziingie ganda likiishia pale pale mdomoni, shaba isionekane nje. Baada ya kukaza, kila waya ivutwe kwa mkono, mmoja mmoja. Hapa ndipo ninapompima fundi: anayevuta kila waya ameshawahi kuona soketi iliyoungua. Boksi likiwa la chuma, nalo lipate waya wake wa ethi. Kisha waya zikunjwe kuelekea pembeni na chini, mbali na bodi, na kibao kikazwe taratibu skrubu hizi na zile kwa zamu. Kikigoma kukaa, kifunguliwe tena, kisilazimishwe.

Jambo moja ambalo mafundi wengi husahau: kama nyumba bado haijapimwa uimara wa maganda ya waya kwa kile kipimo cha volti 500, kipimo kifanyike kabla soketi za USB hazijafungwa. Bodi zake zimeungwa kati ya laivu na nyutro muda wote. Zitatoa kipimo cha uongo, na zenyewe zinaweza kuungua kabla mwenye nyumba hajahamia.

Hakuna haja ya waya mpya wala breka mpya kwa ajili ya USB. Wati 30 kwenye volti 230 ni karibu ampea 0.15 tu.

Nikizima swichi ya soketi, USB nayo inazimika?

Kwa nyingi, hapana. USB imeungwa kabla ya swichi, kwa hiyo inabaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Ukitaka iwe inazimika, ulizia yenye swichi yake.

Inakula uniti ngapi za LUKU ikiwa haina simu?

Nzuri hula chini ya wati 0.1 zikiwa tupu. Kwa mwaka mzima hiyo haifiki uniti moja. Kuchaji kwenyewe pia ni kidogo: simu yenye betri ya 5,000 mAh inakula takriban wati-saa 25 ikijaa kutoka sifuri, ukijumlisha na unaopotea njiani. Kila siku kwa mwaka ni kama uniti tisa. Anayetaka kupunguza matumizi aangalie pasi, heta ya maji na friji.

Umeme wetu unakatika na kurudi kwa nguvu. Itahimili?

Soketi nzuri imeandikwa volti 100 hadi 240, au 220 hadi 240, na ina kinga ndogo ya mwinuko wa umeme. Hiyo ya 100 ni bora kwa maeneo ambayo umeme unashuka jioni mpaka taa zinafifia. Ila kinga yake ndogo haiwezi kitu mbele ya radi au nyutro iliyokatika nje, ambapo volti inaweza kupanda mbali sana. Friji una kifaa chake cha kuilinda na unakichomeka kati yake na ukuta. Soketi ya USB huwezi kuichomekea kitu, iko ndani ya ukuta. Kinga yake ikae kwenye boksi kuu la breka, na itavilinda vifaa vingine vyote humo ndani.

Nikishika simu inayochaji inanitekenya. Ni hatari?

Mtekenyo mwepesi kwenye simu ya bodi ya chuma hutokana na ile kapasita ya bluu inayovuka mpaka wa bodi, inayopitisha umeme mdogo mno. Ukiwa peku sakafuni ndipo unausikia. Kwa chaja nzuri hauna madhara, lakini unaniambia kitu kingine: ethi ya nyumba ipimwe, maana nyumba nyingi zina tundu la ethi kwenye soketi na hakuna chochote kilichounganishwa ardhini. Ukipigwa kweli, mkono ukaruka, acha kutumia soketi hiyo leo hii.

Nisiweke wapi?

Bafuni, kamwe. Jikoni, mbali na sinki na jiko, kwa sababu mvuke wenye mafuta huingia kwenye matundu ya USB ambayo hayana mlango. Ukuta wa nje unaolowa masika, hapana. Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, Mombasa na visiwani, chumvi ya hewani hula miguu ya shaba ndani ya tundu. Chagua zenye kifuniko na uzikague kila mwaka. Kama nyumba iko bondeni, mfano maeneo ya bonde la Msimbazi, soketi zote zipande juu ya alama ya maji ya mafuriko yaliyopita. Kando ya kitanda, kimo cha sentimita 60 hadi 75 kinakaa juu ya meza ndogo na waya haukunjwi.

Sisimizi pia huvutiwa na uvuguvugu wa soketi. Bomba la waya linapoingia kwenye boksi, uwazi unaobaki uzibwe.

Nyumba yangu ni ya sola. Nifanyeje?

Kama una inveta inayotoa mawimbi safi, soketi ya kawaida ya USB itafanya kazi. Inveta za bei nafuu zenye mawimbi ya ngazi hupasha moto bodi hizi na kuzifupishia maisha. Kwa nyumba ndogo ya betri ya volti 12 kuna njia bora: soketi za USB za volti 12 hadi 24, kama zile za kwenye gari, zinazounganishwa moja kwa moja na mfumo wa betri kupitia fyuzi. Huhitaji kuwasha inveta usiku kucha kwa ajili ya simu mbili. Ziwe na rangi au umbo tofauti na soketi za ukutani, ili siku fundi mwingine akija asiziunge kwenye volti 230.

Nina watoto wadogo. Na je, simu inaweza kuibiwa taarifa zake?

Tundu la USB la soketi nzuri halizidi volti 5 likiwa tupu, mtoto akiligusa hadhuriki. Akichomeka msumari, kinga ya ndani inakata. Maneno yote mawili ni kweli kwa soketi nzuri tu. Taarifa haziibiwi: soketi ya nyumbani kwako imeungwa na umeme na si na kompyuta.

Nimepanga. Naruhusiwa kubadilisha?

Ongea na mwenye nyumba kwanza. Hifadhi soketi yake na skrubu zake, andika ilitoka chumba gani. Ukihama unarudisha yake na kuondoka na yako. Kama hakubali, chaja nzuri ya kuchomeka itakufaa vile vile.

USB imekufa lakini matundu ya pini bado yanafanya kazi. Niiache?

Usiiache. Bodi iliyokufa bado imeungwa na laivu nyuma ya kibao, na hujui imekufa kwa namna gani. Kama kuna harufu, alama ya kahawia kwenye plastiki, au kibao cha moto bila kuchaji chochote, zima breka sasa hivi kabla ya kumpigia fundi. Vinginevyo itumie kwa siku chache wakati unatafuta nyingine. Usijaribu kurekebisha bodi, nunua soketi nzima. Ile ya zamani nenda nayo dukani, uilinganishe mgongo kwa mgongo na mpya ili ujue kama itaingia kwenye boksi lile lile.